Vitoweo vya Mama Seran

Meneja Cha alinipigia simu Alhamisi asubuhi, mikono yangu yote miwili ikiwa ndani ya beseni la kabichi. Niliibana simu kwa bega.

"Mama, samahani kwa usumbufu. Umeshakula?"

"Nimekula. Sema."

Kampuni za muziki hazina desturi ya kuwapigia akina mama wa waimbaji ili kuulizia kifungua kinywa. Tena Cha ni mtu wa kuzungukazunguka. Ukimwachia nafasi ataanza na baridi ya Seoul, ahamie kwenye mgongo wake, na kabichi yako itakuwa imelegea kabla hajafika kwenye jambo lenyewe.

"Ni ule wimbo, Mama. Kituo cha televisheni kimeukataa."

Mwanangu Dogyun ni mmoja wa vijana watano wa kundi la Onbit. Wana miaka sita jukwaani. Kwa miaka sita wameimba nyimbo za mapenzi walizoandikiwa na watu wengine, nywele zikiwa na rangi ambazo sijawahi kuziona hata kwenye mboga, na nafasi ya juu kabisa waliyofika ni ya nne, wiki moja ya Februari ambapo makundi makubwa yote yalikuwa ng'ambo. Kazi yake nilikuwa naiheshimu kama ninavyoheshimu kazi ya mpakia magunia: anatoka jasho, halali vya kutosha, halalamiki. Nyimbo zenyewe nilizisikiliza mara moja moja kwa wajibu wa mzazi, basi.

Safari hii kampuni iliwapa wimbo mmoja tu, na kila mtu alijua ni wa mwisho. Jaha, kiongozi wao, umri wa kwenda jeshini umemfikia, na barua yake ilisema aripoti kambini Jumatatu ya wiki ya tatu ya Aprili. Akienda yeye atafuata mwingine, kisha mwingine, na hadi wote watano warudi, wasichana wanaowapigia kelele leo watakuwa na watoto. Kwa kuwa hapakuwa na cha kupoteza, mkurugenzi alimruhusu Dogyun aandike mwenyewe. Akaandika hip-hop. Akauita "Kula Kwanza".

"Wamekataa kwa sababu gani? Kuna matusi?"

"Hata tusi moja hakuna, Mama. Ni sheria ya matangazo. Wana jopo linalosoma maneno ya kila wimbo kabla haujarushwa. Wimbo ukitaja biashara iliyopo kweli, wanahesabu ni tangazo la bure. Wametuandikia 'haufai kurushwa'."

"Ametaja biashara gani?"

Cha akakohoa kidogo.

"Ya kwako, Mama."

Nikatoa mikono kwenye beseni.

Duka langu lipo sokoni Wonju, mlango wa tatu kutoka lango la mashariki, na kwa miaka ishirini na minne kibao chake kilisomeka *Vitoweo vya Mama Seran*. Seran ni binti yangu wa kwanza. Mwanamke akishazaa, jina lake linawekwa kabatini pamoja na nguo za harusi, na tangu hapo yeye ni mama wa fulani. Nauza vitoweo vya kuliwa na wali: kimchi ya kabichi iliyochachushwa, figili, dagaa, mchicha wa ufuta, chipukizi za soya, mwani. Nina stashahada ya chuo ya lishe na mapishi, kwa hiyo sipiki kwa kubahatisha.

"Katika kiitikio wanatamka jina lote la duka, mara nne," Cha aliendelea. "Tumemwambia Dogyun aondoe tu jina, aseme 'vitoweo vya mama'. Ni neno moja! Amegoma. Anasema jina likitoka, naye anashuka jukwaani. Mwisho wa kuwasilisha upya ni Jumanne adhuhuri, jopo linatoa majibu Jumatano, na kipindi ni Ijumaa. Ijumaa hiyo ndiyo ya mwisho kwa Jaha. Baada ya hapo hakuna Onbit ya watu watano. Mama, zungumza naye. Anakusikiliza."

"Hajanisikiliza tangu darasa la sita. Lakini nitampigia."

Nilimpigia. Alipokea haraka mno, maana yake alikuwa anaingoja simu yangu.

"Mama, kama ni Cha amekutuma, usianze."

"Wewe usinianze mimi. Neno moja tu, Dogyun. Wenzako wanne wanategemea neno moja. Jaha ana wiki moja na nusu ya kuwa na nywele kichwani, na wewe unagombania kibao cha duka?"

"Kaka Jaha mwenyewe amesema lisitolewe."

"Jaha ana adabu. Hawezi kukuambia wewe ni mpumbavu. Mimi naweza."

"Umeusikiliza wimbo?"

"Nitausikiliza wapi? Si haujatoka?"

"Basi nakutumia. Sikiliza kwanza, halafu ndiyo unitukane."

"Nitakutukana vizuri zaidi, nitakuwa na ushahidi."

Akacheka, akakata simu. Hicho kicheko chake ni cha baba yake: unamgombeza mtu naye anachekelea kana kwamba umemsifu.

Wimbo ulifika nikiwa nimebandika sufuria ya dagaa. Mama Yonggu, anayeuza keki za mchele mkabala na mimi, alikuwa amekuja kuazima chujio. Nikaweka simu juu ya friji ya kimchi, tukasikiliza wote wawili.

"Kelele," nikasema baada ya sekunde kumi.

"Ngoja," akasema Mama Yonggu. "Hiyo ngoma ni ya nini?"

Haikuwa ngoma. Ilikuwa tak, tak, kimya kidogo, tak-tak. Tak, tak, kimya kidogo, tak-tak. Nikageuka nikatazama ubao wangu wa kukatia. Miaka minane iliyopita nilivunjika kifundo cha mkono wa kulia kwa kuteleza kwenye barafu mbele ya duka, na tangu hapo nikikata figili, pigo la tatu huchelewa. Kisu kinapanda, mkono unafikiri kidogo, ndipo kinashuka. Hakuna mtu mwingine duniani anayekata figili hivyo, kwa sababu hakuna mtu mwingine mwenye mkono huu.

Sikukuu ya mavuno iliyopita Dogyun alikaa jikoni kwangu saa nzima, simu mkononi. Nilimkemea kwamba amekuja nyumbani kutazama simu. Kumbe alikuwa akirekodi.

"Ni kisu chako," Mama Yonggu akasema polepole.

"Nasikia."

Kisha mwanangu akaanza kuchana mistari. Sauti yake ya kuimba naijua. Ni sauti nzuri ya kawaida, kuna elfu kama hiyo. Hii sikuwa naijua. Ilitoka chini, kavu, bila haraka, kama mtu aliyeegemea mlango wako na hana mpango wa kuondoka.

*Wewe una saa ya dhahabu, mimi nina sahani,*
*wewe una gari la bei, mimi nina duka sokoni.*
*Ukitaka kunipiga, ngoja nimalize wali,*
*nimelishwa na Mama Seran, njaa naijua kwa mbali.*

Wenzake wanne wakaingia kwa pamoja: *Vitoweo vya Mama Seran! Kula kwanza!* Mdundo ukajaa, kitu kizito kikaja chini yake, na kisu changu kikabaki palepale juu, kikichelewa pigo lile lile moja. Wanamuziki wale wote walikuwa wanamngoja mama mwenye kifundo kibovu. Hakuna aliyemtangulia.

Mimi sijui muziki. Lakini najua kazi iliyofanywa vizuri na kazi iliyofanywa ili iishe. Ule wimbo haukuwa na kitu cha ziada. Kila mmoja wa watano alipewa kifungu kinachomfaa: Jaha, ambaye sauti yake imechoka, alipewa maneno machache yanayohitaji sauti iliyochoka. Yule mdogo wao mwenye sauti ya juu hakuachiwa kujionyesha. Alipewa mstari mmoja tu, na ulipofika nywele zilinisimama mikononi. Ulikuwa wimbo wa majigambo, kama zilivyo nyimbo za namna hiyo, ila wengine hujigamba kwa walichonunua. Huyu alijigamba kwa aliyempikia.

Kilichoniharibia ni ubeti wa pili.

*Figili kwenye ubao, dagaa kwenye moto,*
*kitunguu saumu kidogo, nilikula tangu utoto.*

"Kitunguu saumu?" nikasema. "Kwenye dagaa?"

"Mama Seran, acha, sikiliza wimbo."

"Dagaa wangu sijawahi kuwatia kitunguu saumu! Shira ya mchele na ufuta. Miaka ishirini na minne amekula, hajui alichokuwa anakula?"

Nilimpigia tena papo hapo.

"Umesikia?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya siku ya kuleta matokeo ya mtihani.

"Nimesikia. Dagaa hawatiwi kitunguu saumu."

"Mama! Hilo tu ndilo la kusema?"

"Watu watapika hivyo, watasema wamefundishwa na mimi."

"Mdundo unataka maneno marefu pale. Na kisu?"

Dagaa walikuwa wanaanza kushika chini. Nikawageuza kwa mwiko.

"Mafundi wa studio walitaka kulisawazisha lile pigo la tatu," akasema. "Kwenye mashine ni kazi ya kubofya tu. Niliwaambia wakiligusa naondoka. Mama, nyimbo zote tulizoimba hazikuwa zetu. Huu mmoja ndio wangu, na jina ni lile. Siwezi kusema 'vitoweo vya mama', kila mtu ana mama. Mimi nimekula kwa Mama Seran. Kama hautarushwa, usirushwe. Angalau kaka Jaha ataenda jeshini na wimbo wa kweli."

"Kaka Jaha ataenda jeshini bila kupanda jukwaani, ndicho unachosema."

Nilimsikia akipumua. Alikuwa anajua. Alikuwa analijua hilo kuliko mimi, na ndiyo maana hakuwa na usingizi.

Nikakata simu, nikamaliza dagaa wangu.

Sasa, kuna watu ambao jambo likikwama hukaa chini wakalia. Mimi huuliza limekwamia wapi. Wimbo ulikwama kwa sababu kuna duka linaitwa Vitoweo vya Mama Seran. Mtoto hawezi kubadilisha jina kwenye wimbo. Sawa. Je, duka?

Jioni ile Seran alipita akitoka kazini. Anafundisha shule ya chekechea na hufika kwangu akiwa na rangi kwenye vidole na njaa ya mtu aliyelisha watoto ishirini. Nikamwekea bakuli la wali, nikamwambia nilichokuwa nawaza.

"Kwa hiyo unanifuta," akasema, mdomo umejaa.

"Nakufuta."

"Miaka ishirini na minne jina langu linanuka kimchi, nimetaniwa shule ya msingi mpaka sekondari, na leo ndipo linaanza kuimbwa na vijana wazuri, ndipo unalishusha?"

"Ndiyo hivyo."

"Haya, lishushe." Akachota mchicha. "Utaliita nini? Vitoweo vya Mama Dogyun?"

"Ili jopo liseme tumejitangaza kwa mlango wa nyuma? Tena huyo kichwa chake kimeshakuwa kikubwa. Hapana."

"Vitoweo vya Wonju?"

"Yapo mawili."

"Basi weka jina lako, Mama. Unalo, si unalo?"

Ninalo. Naitwa Pyo Malsun. Msomaji wa kwetu hahitaji maelezo, lakini nitasema: ni jina anapewa mtoto wa kike ambaye baba yake anataka awe wa kike wa mwisho. Nilizaliwa wa nne. Baba alitoka kuniandikisha akiwa hata hajanitazama usoni, mama alinisimulia mwenyewe bila uchungu, kama mtu anayesimulia mvua. Baada yangu walikuja wasichana wengine wawili, kwa hiyo hata kazi niliyopewa na jina hilo sikuifanya. Chuoni wahadhiri wakiita majina nilikuwa naitikia kabla hawajamaliza. Stashahada yangu ipo kwenye droo kwa sababu imeandikwa Pyo Malsun kwa wino mzuri mweusi. Leseni ya chakula, ambayo sheria inataka itundikwe, nimeitundika nyuma ya friji. Siku niliyoitwa Mama Seran kwa mara ya kwanza nilihisi kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana.

"Hilo haliandikwi kwenye kibao," nikasema.

Seran aliweka kijiko chini. Anafanana na mimi. Akiwa na jambo hapambi maneno.

"Dogyun amegoma kuondoa jina la duka mbele ya mkurugenzi wake, wewe unaogopa kuandika la kwako mbele ya wauza samaki?"

"Kula, uende nyumbani."

Alikula, akaenda. Nilifunga duka nikijua kwamba ameshinda.

Ijumaa asubuhi nilikuwa ofisi ya kodi wilayani kabla hawajafungua. Kijana wa dirishani alichukua fomu yangu ya kubadilisha jina la biashara, akasoma jina jipya, akanitazama, akasoma tena. Kisha akaenda kwa msimamizi wake, na cheti kilipokuwa tayari aliita kwa sauti, ukumbi mzima ukiwa umejaa wenye maduka wa Wonju:

"Vitoweo vya Malsun! Pyo Malsun yuko wapi?"

Kuna mzee alicheka. Nikasimama.

"Nipo. Na wewe mzee, la kwako ni zuri zaidi?"

Akageukia pembeni. Nikachukua cheti, nikaenda moja kwa moja kwa fundi wa vibao, Bwana Gu, ambaye ndiye aliyeandika kile cha kwanza.

"Herufi za ukubwa gani?" akauliza. Hakucheka, ni mtu wa kazi.

"Kama zile za zamani."

"Jina ni fupi. Zikiwa zile zile kutabaki nafasi."

"Basi ziongeze."

Kibao kilipandishwa Jumamosi, saa ya soko kujaa, kwa sababu Bwana Gu hana adabu ya kuchagua saa. Wauza samaki walitoka. Muuza soksi alitoka. Kile cha zamani kilishushwa, vumbi la miaka ishirini na minne likatuangukia kichwani, na kipya kikapigwa misumari: VITOWEO VYA MALSUN. Wote pale tuna umri wa kuelewa jina lile. Mimi nilitazama chini, nikajifanya naokota misumari.

Mama Yonggu akavuka njia, mikono imejaa unga wa mchele. Akasimama chini ya kibao akakitazama muda mrefu, mdomo wazi.

"Kwa hiyo wewe ni Malsun."

"Ukitaka kucheka, cheka sasa, nina kazi."

"Mimi ni Hunam."

Nikamtazama. Hunam ni yule ambaye wazazi wanaomba anayefuata awe wa kiume. Mwanamke huyu nimekaa mkabala naye miaka kumi na tisa. Nimemsindikiza hospitali akiumwa nyongo. Nimekula keki zake kwenye harusi na matanga. Sikuwahi kujua jina lake, wala sikuwahi kujua kwamba silijui.

"Na aliyefuata?" nikauliza.

"Msichana. Wakamwita Pilnam. Safari hii lazima awe wa kiume."

"Na baada ya Pilnam?"

"Baada ya Pilnam mama alimwambia baba, sasa yatosha, zaa wewe."

Nilicheka mpaka nikashika mlango. Muuza soksi naye akacheka, kisha wauza samaki, na mmoja wao, mwanamke wa miaka sabini, akapaza sauti kwamba yeye anaitwa Malja, wa mwisho kama mimi, na amekuwa akiwadanganya watu kwamba ni Mija tangu mwaka alioolewa. Soko lote likawa linapiga kelele za majina.

Nilimtumia Meneja Cha picha ya cheti na picha ya kibao. Akapiga simu.

"Mama, jambo hili hakuna mtu aliyewahi kulifanya."

"Duka lenye lile jina halipo tena. Wimbo unataja kitu ambacho hakipo. Waandikie hivyo."

"Lakini Mama, wimbo unatoka Jumatatu. Mashabiki wangelitafuta duka lako kwa jina. Wangejaa. Sasa hawatalipata."

"Wateja wangu wananipata kwa harufu. Waandikie."

"Wanaweza kukataa bado."

"Wakikataa tutakuwa tumejua. Dogyun asiambiwe mpaka Jumatano."

Hilo la mwisho nililisema kwa sababu namjua mtoto wangu. Angepanda basi aje kunizuia.

Jumatatu wimbo ulitoka, nikausikia ukipita sokoni kwenye simu ya msichana wa duka la viatu. Jumanne Cha akaandika kwamba amewasilisha. Jumatano nilikata figili masanduku matatu, nyingi kuliko ninazouza kwa siku tatu, na kila pigo la tatu lilipochelewa nililisikia. Saa kumi jioni simu ikalia.

"Unafaa kurushwa," Cha akasema, na jitu zima likaanza kulia. "Mama, unafaa. Tena Dogyun alibadilisha neno moja mwenyewe kwenye ubeti wa pili, Jumanne asubuhi, alirudi studio peke yake. Hakutuambia kwa nini. Nilidhani jopo litauliza, halikuuliza."

"Neno gani?"

"Mambo ya jikoni tu. Sijui mapishi, Mama."

Dogyun alipiga baada ya dakika tano. Hakusema salamu.

"Mama, umefanya nini."

"Nimebadilisha kibao. Kile kilikuwa kimechakaa."

"Cha amenionyesha picha. Mama, hilo jina... ulikuwa unaficha hata bahasha za posta."

"Ndiyo. Sasa nimechoka kuficha. Nenda kafanye mazoezi, una siku mbili."

Alikuwa analia, nami nikamwachia alie, nikaweka simu juu ya friji huku nikifunga makopo. Si kila kitu kinataka maneno.

Ijumaa saa kumi na moja jioni tuliihamisha televisheni ya Hunam, tukaiweka juu ya friji yangu. Nasema Hunam sasa. Mwanzoni ulimi ulikuwa unateleza. Wauza samaki walileta viti vyao. Seran alikuja na kopo la rangi ya vidole mfukoni. Baba yake Dogyun, aliyeacha lori lake la saruji barabarani palipokatazwa, alisimama mlangoni akijifanya anapita tu.

Walitoka watano, wamevaa aproni nyeupe juu ya nguo nyeusi, nywele zote nyeusi kama walivyozaliwa. Jaha katikati. Kisu changu kikaanza: tak, tak, kimya kidogo, tak-tak. Miguu mitano ikasimama hewani kwenye lile pigo, ikangoja, ikashuka pamoja. Nimeona wacheza dansi wengi kwenye ile skrini. Wengine hukimbiza mdundo. Hawa walikuwa na subira, na subira ile ilikuwa na nguvu kiasi kwamba muuza soksi alisema "ala!" akamwaga chai.

Kiitikio kilipofika, waliopiga kelele hawakuwa wao peke yao. Mashabiki wana desturi ya kupangiwa maneno yao ya kuitikia, na hawa walikuwa wameyashika: mamia ya wasichana, kwa pumzi moja, *Vitoweo vya Mama Seran! Kula kwanza!* Seran alishika shavu. Jaha alitabasamu, tabasamu la mtu aliyefika, na kamera ikabaki kwake.

Kisha ubeti wa pili. Dogyun akaja mbele, akatazama kamera moja kwa moja.

*Figili kwenye ubao, dagaa kwenye moto,*
*shira na ufuta kidogo, nilikula tangu utoto.*

Hakuna aliyegundua pale dukani. Mkurugenzi alishindwa kumtoa neno moja, na kituo kizima kilishindwa. Mimi nililalamika mara moja, nikiwa na mwiko mkononi, naye akarudi studio peke yake.

Walishika nafasi ya pili. Hunam alikasirika, akataka kupiga simu kituoni. Mimi nilisema ya pili ni nzuri, wajue kuna nafasi ya kupanda watakaporudi. Kwenye skrini wale vijana wanne walikuwa wamembeba Jaha mabegani, mshindi wa kwanza alikuwa anahojiwa na hakuna aliyekuwa anamtazama.

Jumatatu, njiani kwenda kambini, gari la kampuni lilipita Wonju. Jaha alishuka, kichwa kimenyolewa, masikio yamesimama. Akainama mbele yangu mpaka kiunoni, kisha akainua macho kwenye kibao, akakisoma kwa sauti ya chini.

"Mama, samahani. Kwa ajili yetu umepoteza jina la duka."

"Sijapoteza kitu. Umekula?"

"Bado, Mama. Tumbo limejifunga."

"Litafunguka. Kaa hapo."

Nikatoa wali, figili, dagaa. Dogyun alikaa pembeni yake, akaonja dagaa, akanitazama kwa jicho la pembeni.

"Nilibadilisha," akasema.

"Nilisikia. Ulichelewa siku tano."

Hunam akaanza kuita kutoka ng'ambo ya njia, kwamba Malsun asiwaache watoto waondoke bila keki, na mimi nikamjibu Hunam azilete mwenyewe, mikono yangu ina kazi.